Wanaojisomea Kikorea wenyewe, hizi herufi za Kichina (Hanja) mnazifanyaje?

Binti_wa_Mbagala

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada hasa kwa wale wanaojua Kikorea au waliojisomea wenyewe kama mimi. Kikorea nimejifunzia nyumbani tu, simu na bando, darasani sijawahi kukaa. Nilivutiwa na zile tamthilia zinazotafsiriwa, ukawa unamsikia DJ anaongea juu na sauti ya Kikorea inasikika kwa chini, nikawa namchoka DJ nikasema bora nielewe mwenyewe. Hangul, yani alfabeti yao ya kawaida, haikunisumbua, herufi zenyewe 24 tu ukikaza unazimaliza, sarufi imenitoa jasho ila tunaelewana. Saa hizi niko levo ya kati, lengo ni TOPIK II, ule mtihani wa Kikorea kwa wageni, nipate hata levo ya 3 kwasababu naitamani ile skolashipu ya serikali ya Korea, GKS, na bila levo ya 3 baada ya ule mwaka wa lugha huingii kusoma digrii.

Sasa shida ni misamiati. Mwanzoni neno likiingia linakaa, saa hizi yanaingia yanagongana. Kuna neno 수도, sudo, kwenye habari linamaanisha mji mkuu, yani Dodoma ni sudo ya Tanzania. Halafu nasoma maelezo ya mtu anayepanga chumba Seoul eti kila mwezi analipia sudo, kucheki kamusi ni maji ya bomba. Sagwa ni tofaa, sagwa pia ni kuomba radhi. 시장, sijang, ni soko, na meya wa jiji naye ni sijang!! Kwenye kamusi ya Naver naona pembeni ya kila neno kuna vialama vidogo vya Kichina, mji mkuu wameandika 首都 na maji ya bomba 水道, kwahiyo wao wanajua kuwa ni maneno mawili, mimi ndo naona moja.

Kwenye grupu moja la WhatsApp kuna mtu kanambia bila kujua Hanja nitaishia hapa hapa levo ya kati, mwingine kamjibu kuwa huko ni kutwanga maji kwenye kinu, Wakorea wenyewe hawazijui. Sasa nimsikilize nani? Na kama ni kujifunza nianzie wapi, natakiwa nijue ngapi, na lazima niwe naandika kwa mkono au kuzitambua tu inatosha? Mwandiko wangu wa kawaida tu ni majanga.

Mzee_wa_Kimara

Dada usijitwishe mzigo usio wako. TOPIK ina kusikiliza, kusoma, na ile II ina kuandika, sehemu ya Hanja haipo kabisa. Hata ukienda Seoul leo utasoma mabango yote kwa Hangul na maisha yanaenda.

Kingine watu hawajui historia. Mfalme Sejong wa Korea alikamilisha Hangul mwaka 1443 akaitangaza rasmi 1446, na sababu aliiandika mwenyewe kwamba lugha yao ni tofauti na Kichina na wananchi wa kawaida wanashindwa kueleza shida zao kwa yale maandishi. Yani mfalme kakuhurumia karibu miaka 600 iliyopita we unataka kurudi kulekule ulikotolewa. Korea Kaskazini walishaziondoa Hanja zamani tu baada ya nchi kugawanyika. Kusini gazeti la Hankyoreh lilipoanza 1988 lilitoka lote kwa Hangul, na sheria yao ya lugha ya 2005 inataka nyaraka za serikali ziandikwe Hangul, kuna watu wakaenda Mahakama ya Katiba kuipinga, mwaka 2016 mahakama ikawatupa nje. Shuleni Hanja ni somo la kuchagua. Sasa we upo Mbagala unazihangaikia za nini? Kariri maneno, songa mbele.

fundi_wa_maneno

Mkuu Kimara historia yako iko vizuri, lakini umejibu kitu ambacho dada hajauliza. Yeye hajauliza kama Wakorea wanaandika Hanja, kauliza mbona maneno yanagongana kichwani. Hanja zimeondoka kwenye karatasi, kwenye maneno bado zipo. Zaidi ya nusu ya maneno yaliyomo kwenye kamusi ya Kikorea asili yake ni hizo herufi, na unavyopanda levo ndo yanazidi, maana maneno ya nyumbani ya kula, kulala, mvua, mama, hayo mengi ni ya kwao asilia, ila ukifika kwenye habari, benki, hospitali, mikataba, fomu za chuo, huko ni Hanja mwanzo mwisho. Ndo maana dada mwanzo hakuhisi kitu na sasa hivi anahisi.

Angalia Kiswahili chetu wenyewe. Kitabu, katibu, maktaba. Mtu aliyepita madrasa akakaza kidogo kwenye Kiarabu anaona kabisa kuwa hawa ni ndugu, wote wana kuandika ndani yake, mwingine anayakariri moja moja kama hayajuani. Na hakuna mtu hapa mjini anayemwandikia mwenzie meseji ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini ukoo uko palepale. Kikorea ni hivyo hivyo, tena wao ni rahisi zaidi maana ukoo wao unakaa kwenye silabi nzima, haujatawanyika.

Binti twende pamoja kwa maneno ambayo naamini unayajua. 입구, ipgu, mlango wa kuingilia. 출구, chulgu, wa kutokea, hili lipo kwenye kila stesheni ya treni za chini kule Seoul. Ip ni 入 kuingia, chul ni 出 kutoka, gu ni 口 mdomo, yani tundu la kupita. Shika hizo. Sasa 학 hak unaijua kutoka 학생 mwanafunzi na 학교 shule, ni 學 kusoma. Ip ukiipachika kwa hak unapata 입학, kuingia shule, kuanza chuo. Hospitali ni 병원, ile won ya mwisho ni 院, jengo la taasisi. Ip na won unapata 입원, kulazwa. Aliyelazwa akiruhusiwa je? Hapo ungetegemea chul lakini wenyewe wanatumia 퇴 toe, 退, kujiondoa, kurudi nyuma, kwahiyo 퇴원. Toe hiyohiyo ukiirudisha kwenye hak inakuwa 퇴학, kufukuzwa shule. Ukienda kazini asubuhi ni 출근, ukitoka jioni 퇴근, ile geun ni 勤 ya kuchapa kazi. Umeona? Hapo nimetumia herufi sita saba hivi na nimekupa maneno zaidi ya hayo, na kila neno linamshikilia mwenzie lisidondoke.

Sasa kabla hujakimbilia kamusi nijibu hili. 휴 hyu ni 休, kupumzika. 휴학, hyuhak, ni nini?

Kuhusu ngapi, kuna orodha ya serikali ya herufi 1,800 za kufundishia, ilitoka 1972 wakaipitia tena 2000, 900 za sekondari ya chini na 900 za juu. Hiyo orodha iache. Mtu akianza nayo anazimeza kama tebo mwisho wa mwezi hana hata moja. We anza na maneno uliyonayo tayari, ukikutana na silabi ileile kwenye neno la tatu fungua kamusi uone kama ni herufi moja, kama ni moja iandike kwenye daftari na hao ndugu zake watatu. Basi. Silabi ambayo umeiona kwenye neno moja tu ipite, haina haja.

kausha_damu

Mi nimeona Korea nikajua kuna mzigo wa simu umeingia 😂😂 kumbe ni shule

fundi_wa_maneno

@kausha_damu hata hiyo simu yako ni shule mkuu. Samsung ni 三星, nyota tatu. Hyundai ni 現代, zama za sasa, kisasa. Kia ni 起亞, ile ya kwanza kuinuka na ya pili ni Asia.

kausha_damu

Daaah nina miaka naishika nyota tatu mkononi sijui. Endeleeni.

Binti_wa_Mbagala

Fundi ubarikiwe, hyuhak nimebashiri ni kupumzika masomo, yani kuahirisha mwaka? Nimehakiki kwenye kamusi ndo yenyewe!! Aisee hii kitu.

Ngoja na mimi nijaribu. 수 su ni 水 maji, kutoka Jumatano 수요일 na kuogelea 수영. Kwahiyo 수술 operesheni ni maji ya nini? Na 가수 mwimbaji? Na 교수 profesa? Hapo ndo naanza kuona mzee wa Kimara ana pointi.

Mzee_wa_Kimara

Ehee. Ndo nilikuwa nasubiri hapo. Hizo koo zenu zina watoto wa kufikia wengi. Su ziko kibao. Na hak nayo si kusoma kila mahali, 학대 hakdae ni unyanyasaji, mtu akija na nadharia ya fundi atasema ni elimu ya aina fulani 😂 Na 생각, saenggak, kufikiri, ile saeng haihusiani na 生 ya mwanafunzi wala ya siku ya kuzaliwa, ni neno lao la asili halina Hanja kabisa. Mtu anayejisomea bila mwalimu ataunganisha vitu visivyoungana na hakuna wa kumwambia.

fundi_wa_maneno

Mzee hapo umenena na sikupingi, ndo maana nikasema fungua kamusi kwanza. Kubashiri ni kwa neno ambalo tayari lina sentensi inayokusaidia, halafu unahakiki. Kamusi ikionyesha Hanja pembeni neno ni la ukoo, isipoonyesha ni la asili usilichokoze. Kwenye saenggak pembeni hakuna kitu.

Binti, su za kwako ni hivi. Operesheni ni 手術, hiyo su ni 手 mkono, na sul ni ufundi, kwahiyo ufundi wa mkono, kazi ya daktari wa upasuaji. Mwimbaji ni 歌手, mkono uleule, kwasababu mkono ukikaa mwishoni mwa neno unamaanisha mtu mwenye ujuzi wa kitu, ndo maana mchezaji ni 선수 選手. Kupiga makofi 박수 拍手, mkono tena, hapo hata hakuna cha kufikiria. Profesa ni 敎授, hiyo su ni nyingine ya kutoa, kufundisha. Hesabu 수학 數學 nayo su nyingine ya namba. Kwahiyo su unazokutana nazo sana ni kama tatu nne, maji, mkono, namba, na zile za kibiashara, ambazo kama una duka Kariakoo zitakuchanganya vizuri tu maana 수입 輸入 ni kuingiza bidhaa toka nje na 수입 收入 ni kipato. Ile ip ya mwisho ni ileile 入 ya mlango wa kuingilia. Mzigo unaingia, hela inaingia.

Na lile soko na meya lililokuliza mwanzo, 市場 na 市長. Si 市 ni ileile kwenye yote, inabeba soko na mji. Jang ndo tofauti, 場 ni uwanja, eneo, unaipata kwenye 공장 kiwanda na 운동장 uwanja wa michezo, na 長 ni mkubwa, kiongozi, unaipata kwenye 사장 bosi wa kampuni na 교장 mkuu wa shule. Ukishajua jang ya mahali na jang ya mtu hutarudia kuchanganya, na sentensi yenyewe itakwambia, mtu haendi kununua nyanya kwa meya.

Kuna kitu kimoja kinawaangusha wengi wanaojisomea, hakisemwi mapema. Herufi inayoanza na r au n kwa Kusini inabadilika ikiwa mwanzo wa neno. 料 ni ryo, kwahiyo bure ni 무료 無料, muryo, bila malipo, lakini ikihamia mbele r inadondoka, nauli au tozo inakuwa 요금 料金, yogeum. Usipojua utadhani yo na ryo hawajuani. Kesho ni 내일 來日 na mbeleni, wakati ujao, ni 미래 未來, ile nae na rae ni mtu mmoja. Kaskazini huwa hawabadilishi, ndo maana gazeti lao mnalisikia Rodong na wa Kusini neno hilohilo la kazi wanalitamka nodong.

Mlimani_Kichina

Naomba niingie maana mimi nasoma Kichina pale Taasisi ya Confucius chuo kikuu na nina rafiki anajisomea Kikorea, tumeshabishana sana haya mambo.

Kwanza dada usije ukachukua apu au kitabu cha kujifunzia Kichina ukadhani ndo Hanja. Sisi darasani tunaandika zile zilizorahisishwa za China bara, Wakorea wamebaki na zile za zamani zenye mistari mingi. Kusoma sisi ni 学, wao 學. Nchi sisi ni 国, wao 國. Umeme 电 na 電, gari 车 na 車. Ukijifunzia kwetu utakuta kamusi yako ya Kikorea inaonyesha vitu usivyovijua, ingawa ukishazoea kidogo unaona mmoja ni kivuli cha mwenzie.

Pili maana zinahama. 汽車 kwetu ni gari la kawaida, kwa Wakorea ni 기차, treni. Yani siku mna mgeni wa Kichina na mgeni wa Kikorea mnaenda kupanda mchongoko wa SGR, ukiwaandikia hiyo herufi mmoja atasimama stesheni na mwingine atasimama barabarani anasubiri taksi. Na 愛人 kwa Wakorea ni mpenzi, kwa China bara ni mume au mke wa mtu kabisa, hapo kuwa makini usije ukaharibu ndoa za watu.

Ila kuna raha moja mnayo nyie sisi hatuna. Sisi kila herufi lazima uishike na toni yake, ukikosea toni umesema kingine. Kikorea cha Seoul toni hakuna, na herufi karibu zote zina msomo mmoja tu. Chache ndo zina miwili, kama 金 ni geum kwenye Ijumaa na kwenye pesa ila kwenye jina la ukoo ni Kim, na 車 ni cha kwenye gari ila kwenye baiskeli, 자전거, wanaisoma geo. Halafu Kikorea kimetunza sauti za mwisho ambazo Kichina sanifu cha leo kimezipoteza, sisi tunasema xué nyie hak, sisi guó nyie guk, kumi kwetu shí kwenu sip. Mwalimu wangu wa Kichina huwa anapenda sana nikimtajia hizo za Kikorea, anasema ndo zinafanana na mashairi ya zamani yanavyotakiwa kugongana vina.

saiti_boi

Mimi sijui vitabu, nimeokota Kikorea kazini tu, nilikuwa saiti moja ya ujenzi na mainjinia wa Kikorea hapa hapa Dar, sitataja kampuni. Nitasema nilichokiona kwa macho.

Getini palikuwa na bango kubwa la kijani na msalaba, 안전제일, an-jeon-je-il. Usalama kwanza. Sisi vibarua tulikuwa tunaisoma yote kwa mkupuo kama jina la mtu. Siku injinia mmoja kijana katulia akanichambulia, anjeon usalama, je-il namba moja, ile il ni ileile ya kuhesabu il, i, sam. Upande wa umeme palikuwa na 출입금지, chul-ip-geum-ji, na hii nadhani kwa mliyosema hapo juu mshaielewa nusu, kutoka, kuingia, marufuku. Nimecheka sana kuona fundi anaanza na ip na chul, mi nilizijua kwa kufokewa.

Kuhusu Wakorea kuzijua au kutozijua, vijana wale wa umri wangu wanajua majina yao, namba, siku za wiki na vitu vidogo vidogo, ukiwawekea sentensi wanacheka wanakwambia muulize bosi. Wazee ndo wanazijua, bosi mmoja kadi yake ya kazi jina lake lilikuwa limeandikwa Hanja tupu upande mmoja. Ila kuna sehemu hata wale vijana lazima wazione. Akifiwa mtu, bahasha ya rambirambi wanaandika 賻儀, bu-ui, na harusi wanaandika 祝結婚. Mgahawani sahani ya kushea inauzwa kwa 大 中 小, kubwa, ya kati, ndogo, na bei pembeni. Kalenda ya ukutani siku zinaandikwa 日月火水木金土. Na magazeti yao kwenye vichwa vya habari wanaweka 美 kwa Marekani, 中 kwa China, 日 kwa Japani, 北 kwa Kaskazini, nafikiri ni kubana nafasi, hizo hata ukiwa hujui nyingine zote zitakusaidia kujua habari inamhusu nani.

Sasa dada kama unaenda kusoma kwa GKS utakaa na vijana, usiwaze kuwa utaonekana mjinga kwa kutoandika Hanja.

Binti_wa_Mbagala

Jamani nimejaza daftari kurasa zima. Saiti_boi umenivunja mbavu na kufokewa. Kalenda nimeipenda, maana siku za wiki nazijua kwa sauti sikujua kama kila moja ina kitu ndani, mwezi, moto, maji, mti, dhahabu, udongo, jua.

Limebaki lile la mwandiko, hamjanijibu. Na kitu kingine, nikiziangalia zote naona ni michirizi tu, 情 na 請 na 淸 mimi naona mtu mmoja kabadilisha nguo.

fundi_wa_maneno

Umeona vizuri kuliko unavyodhani, huyo kweli ni mtu mmoja. Upande wa kulia wa zote tatu kuna 靑, cheong, na hiyo ndo inayokupa sauti. Upande wa kushoto ndo unakupa mwelekeo wa maana. Vidoti vitatu vya kushoto ni maji, kwahiyo 淸 ni usafi, cheong, ndo ya 청소 kufanya usafi. Yenye 言 ya maneno ni kuomba, 請, cheong pia, ndo ya 신청 kuomba nafasi, hilo neno kwenye fomu za GKS utaliona mpaka ulichoke. Yenye moyo pembeni ni hisia, 情, hapo sauti imepinda kidogo imekuwa jeong, ya 감정. Herufi nyingi sana zimeundwa hivyo, sauti upande mmoja na maana upande mwingine, kwahiyo ukishajua vipande vichache vya kushoto, maji, mkono, moyo, mti, chuma, maneno, mtu, michirizi inaanza kugawanyika yenyewe.

Mwandiko, ushauri wangu mimi, andika chache tu. Wakorea wana mtihani wao wa Hanja wenye madaraja, la chini kabisa la 8 lina herufi 50, namba, siku za wiki, baba mama, kaka na mdogo wake, mashariki magharibi, kubwa ndogo, shule, mwalimu. Hizo 50 ziandike kwa mkono, kwa mpangilio wake wa mistari, juu kwenda chini na kushoto kwenda kulia, mpaka mkono uzoee. Sio kwa ajili ya mwandiko mzuri, ni kwasababu ukishaziandika jicho linajua herufi inaanzia wapi na inaishia wapi, la sivyo utaendelea kuona michirizi. Baada ya hapo kutambua kunatosha. Kuandika ukitaka sana kompyuta inakufanyia, ukiweka kibodi ya Kikorea kwenye Windows unaandika silabi kwa Hangul unabonyeza kitufe cha Ctrl cha kulia inakuletea orodha ya herufi zote zenye sauti hiyo, uchague.

Na usiguse hizi mambo siku ambayo hujasoma Kikorea chenyewe. Mzee wa Kimara yuko sahihi hapo, kuna watu wanazipenda Hanja mpaka wanasahau kuongea, ukimwambia aagize chai hawezi.

Mlimani_Kichina

Naongezea tu kwa wale wanaoangalia tamthilia za wafalme, yale mabango juu ya mageti ya ikulu yanasomwa kulia kwenda kushoto. Geti la Gwanghwamun kule Seoul bango lake jipya la 2023, herufi za dhahabu kwenye ubao mweusi, ukisoma kushoto kwenda kulia unapata 門化光, inabidi uanzie kulia, 光化門. Watu wa msahafu hapo hamtapata shida.

Mzee_wa_Kimara

Haya mmenichosha, mimi bado nasema TOPIK haina Hanja. Lakini nijibuni hili nilale. Zile tambi za pakiti nyekundu za Kikorea zilizopo supamaketi, ile herufi nyeusi kubwa katikati ni nini? Wanangu wananiuliza kila siku nawaambia ni nembo ya kiwanda.

saiti_boi

😂😂😂 Mzee. Ni 辛, sin, ukali, ule wa pilipili. Na ni jina la ukoo la mwanzilishi wa kampuni pia, Shin, kwahiyo kwa wanao hujadanganya sana.

Mzee_wa_Kimara

Kwahiyo ile nyingine, mwanzo wa neno shinmun, gazeti, ni pilipili pia?

Binti_wa_Mbagala

Hapana mzee hiyo ni 新, mpya! Nimehakiki kwenye Naver kabla ya kujibu 😅 新聞, mpya na kusikia.

Mzee_wa_Kimara

Sawa. Nipe na hizo 50 za daraja la 8, ila usimwambie mtu.